Koo la Chemba na Njia ya Risasi: Kujaza Maganda Upya na Udhibiti wa Silaha kati ya Kagera na Mbarara, 1890–1990

Swali

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yapo wilayani Isingiro, kusini-mashariki ya mji wa Mbarara, kandokando ya ziwa lenye jina hilo hilo, katika nyika inayoelekea Mto Kagera na mpaka wa Tanzania. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Wanyarwanda waliokimbia ghasia za Novemba 1959 walipokuwa wakitafutiwa mahali pa kukaa, na tangu hapo yamewapokea watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Makazi yaliyo karibu hivyo na mpaka hayakosi kuulizwa swali la usalama, na swali lenyewe huja mara nyingi kwa umbo moja: nani ameingia na bunduki? Makala hii inashikilia kwamba historia ya eneo hili inalipa uzito zaidi swali la pili, ambalo huulizwa kwa nadra: bunduki hiyo ingelishwa nini, na kutoka ghala la nani?

Tofauti ya maswali haya mawili si ya maneno. Bunduki hudumu miaka hamsini na zaidi. Risasi hufa mara inapopigwa. Anayeihesabu bunduki anahesabu chuma ambacho kinaweza kukaa kimya kizazi kizima. Anayeihesabu risasi anahesabu vita vyenyewe. Katika karne moja inayochunguzwa hapa, kila aliyetaka kulitawala eneo la kati ya Kagera na Mbarara kwa nguvu alilazimika kulijua jambo hili, na mara nyingi alilijua kwa kuchelewa.

Chemba, koo na ganda

Hoja inayofuata haieleweki bila maelezo mafupi ya ufundi. Risasi nzima ya bunduki ya kisasa ina viungo vinne: ganda la madini, fataki iliyopachikwa kitakoni mwa ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa kinachoruka. Chemba ni chumba kilichochongwa nyuma ya mtutu ili kulipokea ganda. Mbele ya chemba, kabla ya kuanza kwa mifuo inayokipa kichwa mzunguko wake, kuna nafasi fupi isiyo na mifuo. Hiyo ndiyo inayoitwa hapa koo la chemba. Urefu na upana wa koo hauonekani kwa nje. Bunduki mbili zinazofanana kwa kila hali zinaweza kuwa na makoo tofauti.

Kwa askari anayepewa risasi za kiwandani, koo si habari yake. Kwa fundi anayejaza maganda upya, koo ni mwamuzi. Likiwa fupi, kichwa kirefu hugusa mifuo kabla ya kufyatuliwa. Hakina nafasi ya kuanza mwendo, na shinikizo ndani ya chemba hupanda kupita kiasi ambacho chuma kimekusudiwa kuhimili. Wakati mwingine bunduki haifungiki kabisa. Wakati mwingine hufungika kwa kulazimishwa, kisha askari akitaka kuitoa risasi ambayo hakuipiga, kichwa hubaki kimenasa mtutuni na baruti humwagika ndani ya chemba. Fundi ana njia chache za kutokea. Anaweza kukisukuma kichwa ndani zaidi ya ganda, lakini akifanya hivyo anapunguza nafasi ya baruti, na baruti ile ile katika nafasi ndogo huwaka kwa nguvu kubwa zaidi. Hivyo hana budi kupunguza kipimo chake. Anaweza kutafuta kichwa kifupi au chenye ncha iliyochongoka, ambacho sehemu yake nene haifiki mbali. Au anaweza kulichonga koo lenyewe liwe refu, kazi isiyorudishwa nyuma: chuma kilichoondolewa hakirudi.

Njia hii ya mwisho si dhana tu. Jeshi la Ujerumani liliipitia lenyewe. Kati ya 1903 na 1905 lilipoacha kichwa kizito cha mviringo na kuchukua kichwa chepesi chenye ncha, kipenyo cha kichwa kiliongezeka kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Bunduki za muundo wa 1888 zililazimika kupelekwa kwa mafundi, zikapanuliwa mbele ya chemba na kupigwa muhuri wa herufi S ili askari ajue ipi imekwisha kubadilishwa. Uingereza nayo, mwaka 1910, ilihama kutoka kichwa cha mviringo cha gramu karibu 14 kwenda kichwa cha ncha cha gramu 11 na ushei katika risasi yake ya .303. Sehemu moja ya kumi ya milimita ni unene wa ukurasa wa kitabu. Ndio uliotenga bunduki inayofaa na bunduki inayoweza kumdhuru mwenyewe.

Mkataba wa Brussels na njia ya Karagwe

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ulioipitisha mipaka yao magharibi ya Ziwa Viktoria kwenye digrii moja kusini ya ikweta. Siku iliyofuata, tarehe 2 Julai, mataifa yaliyokutana Brussels yalikamilisha Sheria Kuu ya kukomesha biashara ya watumwa, ambayo ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha vilivyohusu Afrika yote kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Wanahistoria wa eneo hili wameusoma sana mkataba wa kwanza. Wa pili unastahili kusomwa pamoja nao, kwa sababu mstari mmoja uligawa ardhi na mwingine uligawa bunduki.

Vifungu vya Brussels vilizuia kuingizwa kwa bunduki zenye mifuo na risasi zake, isipokuwa kwa masharti makali. Lakini viliacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo na baruti ya kawaida ya biashara, ziuzwe kutoka maghala yaliyosimamiwa na serikali. Ukiutazama mgawanyo huo kwa jicho la fundi, unaona mantiki yake. Gobore hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kitambaa, na kipande chochote cha risasi, changarawe au chuma. Halina chemba, wala koo, wala ganda, linakula linachopewa. Bunduki ya chemba hula chakula cha kiwanda kimoja tu. Kwa hiyo waliotunga vifungu hivyo hawakuhitaji kuzikusanya bunduki zote zilizokwisha kuingia bara. Ilitosha kuufunga mfereji wa risasi, na bunduki za kisasa zingekufa njaa mikononi mwa wenyewe. Hawakuyasema hayo kwa uwazi huo, lakini ndiyo yaliyofuata kila mahali palipofungwa mfereji kwa bidii.

Swali lilikuwa ni wapi pa kuufunga. Bidhaa za pwani zilifika maeneo ya maziwa kwa njia ya Tabora na Karagwe, na kutoka Karagwe silaha na baruti zilivuka Kagera kuelekea kaskazini, zikapita Nkore hadi Bunyoro kwa Kabarega. Njia hiyo ilikatiza nchi ambayo leo ni Isingiro. Ndiyo sababu Kapteni Frederick Lugard, alipotoka Buganda kuelekea magharibi katikati ya mwaka 1891 kwa niaba ya Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alitaka ahadi kutoka kwa wajumbe wa Ntare wa Tano: kwamba Nkore itazuia silaha na baruti kutoka upande wa Wajerumani zisipite kwenda Bunyoro. Mambo mengine ya mapatano hayo yamezoeleka katika vitabu: urafiki, bendera, ulinzi. Kifungu cha baruti ndicho kilichokuwa na haraka. Lugard hakuwa na askari wa kukaa Nkore. Alichokuwa nacho ni hesabu kwamba Kabarega asiye na baruti mpya ni Kabarega mwenye muda mfupi.

Ukubwa wa biashara hiyo unaonekana pia katika kifo cha Charles Stokes, mmisionari wa zamani aliyegeuka mfanyabiashara wa misafara, ambaye bunduki na baruti zake zilikuwa zimechangia kumrudisha Kabaka Mwanga kitini. Mnamo Januari 1895 afisa wa Dola Huru ya Kongo alimnyonga kwa shtaka la kuwauzia silaha maadui wa dola hiyo. Mzungu kunyongwa na Mzungu mwenziwe kwa ajili ya baruti kulileta mtafaruku wa kidiplomasia Ulaya. Kwa watawala wa eneo la maziwa, kulithibitisha kwamba mfereji sasa una walinzi.

Baada ya hapo udhibiti uliingia katika daftari. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliweka kodi ya bunduki ya rupia 3 kwa mwaka, sawa na kodi ya kibanda, na Mkataba wa Ankole wa 1901 ulikileta Mbarara, kituo kipya cha serikali, kizazi kile kile cha utawala wa leseni. Hapa ndipo kosa la muda mrefu linapoanzia. Leseni ilifuata bunduki. Risasi iliachwa kuwa jambo la duka na la desturi ya ofisa aliyepo, kwa kuwa wakati huo ilikuwa dhahiri kwamba risasi zote zinatoka bandarini na bandari iko mikononi mwa serikali. Udhahiri huo ulidumu miaka kumi na tatu.

Moshi, 1915

Vita Kuu vilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, Kagera uligeuka mstari wa mbele. Upande wa Uganda mstari huo ulishikiliwa na vikosi vya kuungaunga, wakiwemo polisi na askari wa Baganda Rifles, huku Ankole ikiwa nyuma yao kama nchi ya vyakula na wapagazi. Upande wa pili Wajerumani walikuwa na kituo chao Bukoba, ambacho Waingereza walikishambulia kwa njia ya ziwa tarehe 22 na 23 Juni 1915 na kukiharibia mitambo ya simu ya upepo. Lakini kwa mada hii tukio kubwa la mwaka huo halikutokea Kagera. Lilitokea mbali kidogo, chini ya Kilimanjaro, na linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu ni mfano mkubwa na wenye ushahidi wa kujaza risasi upya katika historia ya Afrika Mashariki.

Koloni la Kijerumani lilikuwa limezingirwa baharini. Kampuni nyingi za askari wake zilianza vita na bunduki za muundo wa 1871, za milimita 11, zenye baruti nyeusi ambayo kila mpigo wake ulipandisha wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali pa kulenga. Mwezi Aprili 1915 meli ya shehena Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilifika Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na bunduki mpya na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifuata na kuishambulia. Nahodha wake akaizamisha katika kina kifupi. Waingereza waliiona ikiwaka wakaondoka. Wajerumani wakarudi na wapiga mbizi na mashua, wakaitoa shehena majini, kreti kwa kreti.

Bunduki zilisafishwa zikafaa. Risasi zilikuwa jambo jingine. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia, baruti ikaanza kuharibika na fataki kuoza, na idadi ya risasi zisizolipuka ikawa inaongezeka kila wiki. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi hayo, anaeleza katika kumbukumbu zake uamuzi uliofuata: kila risasi ifunguliwe, baruti isafishwe na kukaushwa, fataki zilizokufa zibadilishwe kwa nyingine zilizopatikana nchini, ingawa hazikuwa za aina ile ile hasa, kisha kila kitu kirudishwe mahali pake. Kazi hiyo ilifanyika Moshi Mpya kwa miezi, toka asubuhi hadi usiku, kwa kila mkono uliopatikana. Risasi ambazo hazikuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake. Zilizojazwa upya zilipimwa: fungu lililoshindwa kulipuka kwa kiasi cha asilimia 20 lilihesabiwa kuwa zuri kiasi cha kupelekwa vitani, lililozidi hapo lilitumiwa kwa mazoezi.

Asilimia 20 inaeleza mengi. Askari aliyepiga risasi tano alitarajia moja ikatae, na jeshi zima liliona hilo ni nafuu. Lakini kinachofaa kuangaliwa zaidi ni kile ambacho kazi ya Moshi haikuweza kukosea. Fataki ikifa, bunduki haifyatuki, na askari yu hai. Kichwa kikirudishwa kwenye ganda kwa kina kisicho chake, koo la chemba halisamehe: kikichomoza mno kitagusa mifuo, kikizama mno kitabana baruti, na njia zote mbili zinaishia kwenye shinikizo lililopita kiasi. Watu waliokaa kwenye meza zile walikuwa wakirudisha kwa mkono, makumi ya maelfu ya mara, kipimo ambacho kiwandani hushikwa na mashine. Bila kipimo cha kulinganishia kila ganda, kazi hiyo haiwezekani. Katika simulizi la kamanda, waliofanya kazi hiyo hawana majina. Wamo katika neno “mikono”. Historia ya ufundi wa Tanzania ingefaa kuwapa nafasi pana kuliko hiyo.

Somo la pili la vita hivyo lilikuja taratibu. Risasi za Kijerumani, za zamani na za kujazwa upya, ziliisha. Jeshi la Lettow-Vorbeck liliendelea kupigana kwa kuteka: tayari Tanga, Novemba 1914, lilikuwa limepata bunduki za kutosha kampuni tatu na zaidi, bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000 za Kiingereza. Risasi ya .303 haiingii katika chemba ya Mauser. Haisaidii kuipunguza wala kuilazimisha. Kwa hiyo ilibidi risasi iliyotekwa itekwe na bunduki yake, na jeshi lote likahama, kampuni baada ya kampuni, kutoka chemba ya Kijerumani kwenda chemba ya adui. Walipoweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno na risasi 208,000. Bunduki ya kisasa ya Kijerumani haikuwamo hata moja. Mlolongo huo wa miaka minne waweza kusemwa kwa sentensi fupi: si bunduki iliyoichagua risasi, bali risasi iliyoichagua bunduki.

Nyika iliyoachwa wazi

Baina ya vita hivyo na kuanzishwa kwa Nakivale kuna miaka arobaini ambayo katika mada hii inaweza kupitwa haraka, isipokuwa kwa jambo moja. Nchi ya kusini na mashariki ya Mbarara ilikaliwa na mbung’o waliosambaa kutoka upande wa Kagera, na ugonjwa wa nagana ukawafukuza wafugaji na ng’ombe wao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960, serikali iliwaajiri wawindaji kuua wanyamapori walioaminika kuwalisha mbung’o, kisha vichaka vikakatwa na dawa ikapulizwa. Wanyama walionusurika karibu na Ziwa Mburo walipata hifadhi baadaye. Eneo hilo likawa hifadhi ya taifa mwaka 1983.

Kampeni ya namna hiyo hupimwa kwa risasi kabla ya kupimwa kwa swala. Bunduki za serikali zilipita katika nyika hiyo kwa miaka, mikononi mwa watu wa hapo hapo, na ardhi iliyofunguliwa kwa mipigo hiyo ni jirani ya ardhi waliyopewa wakimbizi. Wakimbizi walipofika, hawakukuta nchi isiyojua bunduki. Walikuta nchi ambayo bunduki zake zote, hata za kuua nyati, zilikula kutoka ghala la serikali.

Kutoka chemba mbili hadi chemba moja

Wanyarwanda waliojaribu kurudi kwao kwa nguvu katika miaka ya mwanzo ya 1960, waliojulikana kama inyenzi, walivuka mipaka ya Rwanda wakiwa kwa sehemu kubwa na mikuki, pinde, mishale na bunduki chache, baadhi zikiwa za kienyeji. Mashambulizi yao yalishindwa, na raia waliobaki Rwanda wakalipa kwa damu, hasa baada ya shambulio la Desemba 1963 lililotokea Burundi. Ukosefu wao wa bunduki umeelezwa sana. Ukosefu wa risasi ulikuwa mkubwa zaidi, kwa kuwa hakukuwa na serikali jirani iliyokuwa tayari kuwafungulia ghala. Bunduki ya kienyeji ilikuwa gobore lililochelewa kuzaliwa: ilitengenezwa bila koo kwa sababu mtengenezaji hakuwa na ganda la kuitosha.

Ulimwengu uliofuata ulikuwa na chemba ya aina nyingine. Risasi ya Kisovieti ya milimita 7.62 kwa 39, iliyotengenezwa pia na China na nchi nyingine nyingi, ilienea katika majeshi ya Afrika Mashariki pamoja na bunduki za muundo wa Kalashnikov. Chemba yake imechongwa kwa ulegevu wa makusudi ili ikubali vumbi, matope na tofauti za viwanda. Koo, lililokuwa mpaka kati ya Mauser na .303, lilikoma kuwa mpaka. Risasi iliyotoka ghala la upande mmoja wa Kagera ilifaa bila kuguswa katika bunduki ya upande wa pili. Badiliko hili halikutangazwa na mkataba wowote, wala halikupata kifungu chake katika sheria za leseni, lakini uzito wake haupungui ule wa Brussels. Lilitengua kimyakimya kile ambacho Brussels ilikijenga.

Mbarara uliyaonja matokeo. Tarehe 17 Septemba 1972 Waganda waliokuwa uhamishoni Tanzania waliushambulia mji huo na kambi yake ya jeshi, wakashindwa kuichukua kambi na hivyo kulikosa ghala. Mwezi Februari 1979 jeshi la Tanzania likiwa na Waganda hao hao liliingia Mbarara, siku moja tu kutenganisha na kuanguka kwa Masaka, na mji ukabomolewa vibaya. Utawala wa Idi Amin ulipoporomoka, kambi ziliachwa wazi. Mfano unaotajwa mno ni wa Moroto, ambako wafugaji wa Karamoja walijichukulia bunduki na risasi za jeshi lililokimbia, na uwiano wa nguvu katika malisho ukageuka kwa kizazi kizima. Tarehe 6 Februari 1981 Yoweri Museveni na wenzake wapatao 40, wakiwa na bunduki 27, walianza vita vyao kwa kuvamia Kabamba. Walilenga ghala la silaha. Mtu mwenye bunduki 27 haanzi kwa kutafuta ya 28. Anatafuta mahali ambapo zote zitakula.

Tarehe 1 Oktoba 1990 ndiyo iliyorudisha macho kwenye makazi ya wakimbizi. Wanajeshi wa asili ya Rwanda waliokuwa katika jeshi la Uganda, wakiongozwa na Fred Rwigyema, walivuka mpaka Kagitumba na kuingia Rwanda. Wengi walikuwa watoto wa wakimbizi, na baadhi walikulia katika makazi ya Ankole na Toro. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 kuhusu wakimbizi unazitaka nchi kuwazuia wakimbizi kushambulia nchi nyingine kwa silaha, na mara baada ya 1990 kifungu hicho kilisomwa kana kwamba hatari ilifichwa katika mabanda ya Nakivale na ndugu zake. Ushahidi wa silaha unaonyesha kwingine. Waliovuka Kagitumba walivuka na bunduki na risasi za jeshi walilokuwa wakilitumikia. Hakuna ganda hata moja lililohitaji kujazwa upya usiku chini ya mti. Kati ya inyenzi wa 1963 na jeshi la 1990, kiu ya kurudi nyumbani ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni ghala.

Alama ya kitakoni

Hali ya udhibiti baada ya hapo imeboreka kwa upande mmoja. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, inazitaka nchi za eneo hili kuziwekea alama bunduki zao, na Uganda imeendesha kazi ya kuzipiga alama bunduki za polisi na jeshi. Mpango wa Utekelezaji wa Umoja wa Mataifa wa 2001 juu ya silaha ndogo, kwa upande wake, haukuziweka risasi waziwazi ndani ya wigo wake, na ilibidi kungoja hadi Desemba 2023 ndipo Baraza Kuu likubaliane juu ya mfumo wa kimataifa wa kusimamia risasi na baruti katika maisha yake yote. Miaka 22 ya ukimya huo ni urithi wa leseni ya 1900: hesabu ya chuma, si ya chakula chake.

Kwa washauri wa sera, jambo moja la kiufundi kutoka Moshi linafaa kubebwa hadi Isingiro. Kila ganda la kiwandani lina alama kitakoni, zinazomwambia mchunguzi kiwanda na mara nyingi mwaka. Alama hizo ndizo nguzo ya uchunguzi wa wapi risasi ilivuja, na Uganda, yenye kiwanda chake cha risasi Nakasongola, ina sababu ya pekee ya kuzijali. Lakini ganda lililojazwa upya linabeba alama ya kiwanda cha kwanza. Risasi za Moshi zilisoma Ujerumani na mwaka wa Ujerumani, ingawa fataki, kina cha kichwa na mikono iliyozifunga ilikuwa ya Moshi ya 1915. Kwa hiyo mchunguzi anayeokota ganda kandokando ya Kagera na kulisoma kitako bila kuichunguza fataki na shingo yake anaweza kumtuhumu mwenye kiwanda asiyehusika, au mkimbizi aliyepita na asiyejua lolote, huku mfereji wenyewe ukiendelea kutiririka mahali pengine.

Njia ya kuzuia hilo ni ya kawaida kiasi cha kuchosha. Katika kiwanja cha shabaha cha jeshi au polisi, maganda matupu huokotwa, huhesabiwa na kulinganishwa na risasi zilizotoka ghalani asubuhi. Ganda lisilorudi linaandikwa kama risasi isiyorudi, kwa sababu kwa fundi mwenye fataki, baruti na kipimo cha koo ndivyo lilivyo. Daftari la namna hiyo linahitaji karani mmoja, kalamu, na ofisa anayelisoma kila jioni kabla ya kulitia saini. Nalo linakaa ghalani Mbarara, si kwenye lango la Nakivale.